Msiguse marudio ya Lagarce! Jibu kwa anayeandaa Juste la fin du monde ya dakika 40

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Kama nakala za waigizaji hazijachapwa, zisichapwe kwanza.

Umesema klabu yenu ya Kifaransa imepewa dakika 40 jukwaani, mmechagua Juste la fin du monde (Mwisho wa dunia tu), tamthilia ya Mfaransa Jean-Luc Lagarce, na umeshaanza "kuisafisha": unafuta maneno yanayojirudia, unaunga sentensi zilizokatika, na palipokushinda unachukua mazungumzo ya kwenye filamu. Ukauliza pia habari za mtunzi na mavazi. Naanza na huko kusafisha, maana kukiachwa hivyo hakuna vazi litakalookoa igizo.

Kanuni ni moja: kata onyesho zima, usikate ndani ya sentensi. Hata neno moja. Hata pale mhusika anaporudia kitu kilekile mara ya nne na wewe unaona wazi kwamba mara moja ingetosha.

Angalia hadithi yenyewe ilivyo nyembamba. Louis, miaka 34, anarudi nyumbani baada ya kupotea miaka mingi ili awaambie ndugu zake kwamba atakufa. Anakaa nao siku hiyo, anawasikiliza, anaondoka bila kusema. Basi. Hakuna siri inayofichuka, hakuna mgeni wa ghafla, hakuna barua inayookotwa. Kama ni matukio unayoyatafuta, hayapo. Kinachotokea kinatokea ndani ya sentensi: mtu anaanza kusema jambo, anajisahihisha, anabadilisha wakati wa kitenzi, anaomba radhi kwa neno alilotumia, anatafuta jingine, anarudi kwenye lile la kwanza. Ukiondoa hayo, unabaki na watu watano wanaokunywa kahawa siku ya Jumapili.

Chukua Utangulizi, ule Louis anaosema peke yake kabla ya yote. Ni sentensi moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nukta ni moja, iko mwisho kabisa. Inaanza na "Plus tard, l'année d'après", na hilo "l'année d'après", yaani mwaka uliofuata, linarudi na kurudi, huku kitenzi kikuu "je décidai" (niliamua) kikicheleweshwa mpaka karibu katikati. Msomaji mwenye haraka anaona mtunzi kashindwa kufika kwenye hoja. Lakini soma kinachosemwa katikati ya marudio hayo: Louis anaeleza jinsi mtu anavyothubutu kusogea kidogo tu mbele ya hatari kubwa, bila kelele, asije akamwamsha adui. Sentensi inafanya kilekile inachokieleza. Kila "l'année d'après" ni hatua moja ndogo ya mtu anayeogopa kufika.

Ukisafisha utapata hivi: mwaka uliofuata niliamua kurudi kuwaona na kuwatangazia kifo changu. Hiyo ni taarifa ya daktari! Mwigizaji wako ataitamka kwa sekunde tano na hatakuwa na pa kuweka ile hofu, kwa sababu hofu ilikuwa kwenye maneno uliyoyafuta. Utamwambia "onyesha huzuni zaidi", naye ataanza kulia jukwaani dakika ya kwanza, kwenye tamthilia ambayo mhusika wake mkuu amekuja kujaribu kuonekana mtulivu.

Hapo bado ni mtu mmoja. Kwenye mazungumzo ya watu kadhaa madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu unaharibu kauli ya mtu ambaye hata hukuigusa.

Sehemu ya kwanza, onyesho la 1. Suzanne, dada mdogo wa Louis, anamtambulisha Catherine, mke wa ndugu yao Antoine, kwa Louis. Shemeji hawa hawajawahi kuonana. Suzanne anasema huyu ni Catherine, anasema tena, anamgeukia Catherine na kumwambia huyu ni Louis, anarudi kwa Catherine. Antoine anamkatiza: "Suzanne, s'il te plaît" (Suzanne, tafadhali). Kisha Louis na Catherine wanapeana mikono. Suzanne anashtuka: hamwezi kupeana mikono, mtadhani ni watu wasiojuana! Anaendelea, anaendelea, mpaka Antoine anamkatiza tena. Sasa wewe mfutie Suzanne marudio yake, amtambulishe Catherine mara moja kama ofisini. Antoine bado ana kauli yake ileile ya kumkatiza dada yake. Watazamaji wataona nini? Kaka mkorofi anayemfokea binti aliyesema sentensi moja. Umemgeuza Antoine kuwa mbaya wa igizo tangu dakika ya tano, na hukugusa hata herufi moja yake.

Na Antoine ndiye utakayemhitaji mwishoni. Sehemu ya pili, onyesho la 2, Catherine anamwambia kwamba ni mkali kidogo, "un peu brutal". Antoine analishika hilo neno "brutal" na halimtoki tena. Analiuliza, analikana, analirudisha, anawaambia wote kwamba ni watu wabaya kwake. Linapaa hadi anamwambia Louis kwamba akimgusa atamuua. Neno moja linalozungushwa ndilo linalompandisha kutoka kwenye kujitetea hadi kwenye tishio. Ukiacha "brutal" moja na kufuta nyingine, mtu anaambiwa ni mkali kidogo na papo hapo anatishia kuua. Ukumbi utacheka. Si kwa ubaya, watacheka kwa sababu ngazi hazipo.

Huu ushauri wa kusafisha najua unakotoka, na unanikera. Kuna wawezeshaji wa warsha za maigizo wanaofika na kalamu nyekundu wakisema watazamaji wetu hawana subira, wanafunzi wetu Kifaransa chao ni kidogo, kwa hiyo "tuwarahisishie". Hawajawahi kuusoma Utangulizi kwa sauti toka mwanzo hadi nukta ya mwisho. Kisha kuna zile muhtasari zilizojaa mtandaoni tangu tamthilia hii iingizwe kwenye mtihani wa Kifaransa wa baccalauréat, ule wa kumaliza sekondari huko Ufaransa, mwaka 2020. Nyingi zinaimba wimbo mmoja: familia isiyozungumza. Uongo mtupu. Familia hii haijui kunyamaza! Anayekaa kimya ni Louis, wengine wanamwagika maneno kwa kurasa. Mwanafunzi anayeanza na muhtasari wa namna hiyo lazima aone yale maneno mengi ni takataka za kufagia.

Tena kurahisisha huko hakurahisishi. Sentensi za Lagarce ni fupi ukizitazama kipande kwa kipande, na msamiati wake ni wa kila siku. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaumudu. Kinachomwangusha ni kukariri, kwa kuwa vipande vinafanana: anatoka "l'année d'après" ya tatu anarukia ya tano na nusu ukurasa unapotea. Dawa yake ni penseli. Kila fungu linalorudi lipewe namba pembeni, 1, 2, 3, na kando ya namba liandikwe neno linalofuata mara hiyo. Mwigizaji akariri kiungo, yaani mwisho wa kipande na mwanzo wa kinachofuata, kabla ya vipande vyenyewe. Kisha atie mstari chini ya kilichobadilika: hapa amesema "j'allais mourir" (nilikuwa nakaribia kufa), hapo chini amesema "je mourrai" (nitakufa). Akishaona kwamba wakati wa kitenzi umehama, hatachanganya tena, na sauti yake itabadilika yenyewe.

Angalizo jingine ambalo halisemwi: mistari. Maandishi yamepangwa kama shairi huru, mstari unakatika kabla ya kufika pembeni. Ukiyanakili kwenye simu au kompyuta mistari huungana na kuwa aya ya kawaida, na hapo umeshapoteza alama ya pumzi bila kujua. Hakikisha nakala zote zina mikato ileile ya kitabu, pamoja na deshi na mabano. Mwigizaji avute pumzi mwisho wa mstari, na asiishushe sauti mpaka aone nukta. Wengi wetu tukisoma Kifaransa tunashusha sauti kwenye kila mkato, na kwa Lagarce kufanya hivyo ni kufunga mlango ambao mhusika anahangaika auache wazi.

Sasa dakika zako 40. Tamthilia ina Utangulizi, sehemu ya kwanza yenye maonyesho 11, kipindi cha katikati chenye vionyesho 9 vifupi, sehemu ya pili yenye 3, na Hitimisho. Ondoa kipindi cha katikati chote, ni vile vipande vya watu wanaoitana na kutafutana, ni vizuri sana lakini vinadai mwanga na mienendo ambayo hamtaipata siku moja ya ukumbi. Baki na Utangulizi, onyesho la 1 la sehemu ya kwanza, onyesho la 3 ambalo ni uzungumzinafsi mrefu wa Suzanne, la 8 la Mama, halafu sehemu ya pili yote na Hitimisho. Usithubutu kutoa onyesho la 1 la sehemu ya pili kwa sababu ni fupi: ndipo Louis anapoeleza kwamba aliondoka bila kusema alichokuja kusema. Likikosekana, watazamaji watakaa wakisubiri tangazo lisilokuja, na wataondoka wakidhani mmesahau.

Kaeni mezani, msome kwa mwendo wa kuigiza huku simu ikipima kila onyesho peke yake. Msijumlishe kwa kukisia. Mkizidi, toa la Mama lote au la Suzanne lote. Inauma, najua, msichana aliyepangiwa Suzanne atanuna, lakini Suzanne mzima aliyebaki na onyesho la kwanza ni bora kuliko Suzanne aliyechanjwachanjwa pote. Uzungumzinafsi wa Antoine kwenye onyesho la mwisho usiguswe kabisa. Na kwenye Hitimisho, Louis anakumbuka usiku alipotembea juu ya daraja la reli, akatamani kupiga ukelele mkubwa, na hakuupiga. Waongozaji wanapenda kumwongezea ukelele hapo. Maandishi yanasema hakuupiga!

Filamu iache kabisa. Mwongozaji Xavier Dolan aliitoa mwaka 2016, ikapata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes, na ni kazi yake halali, lakini mazungumzo mengi ameyapunguza na kuyaandika upya kwa ajili ya kamera inayoshika nyuso kwa karibu. Uso wa Gaspard Ulliel, anayemwigiza Louis, unajaza skrini nzima. Wa mwigizaji wako utaonekana mdogo kutoka safu ya kumi, anachobaki nacho ni maneno. Hata Mama, ambaye kwenye kitabu anaitwa Mama tu, filamu imempa jina.

Maisha ya Lagarce kwa ufupi. Alizaliwa Héricourt tarehe 14 Februari 1957, akakulia Valentigney, wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa Peugeot. Alisoma falsafa Besançon na huko akaanzisha kundi lake, Théâtre de la Roulotte. Mwaka 1988 aligundua ana virusi vya UKIMWI. Juste la fin du monde aliiandika Berlin mwaka 1990, ikakataliwa, na hakuwahi kuiona jukwaani. Mwaka 1992 alianzisha na François Berreur shirika la uchapishaji la Les Solitaires Intempestifs, ambalo ndilo lenye vitabu vyake mpaka leo. Kabla ya kufa aliirudia hadithi ya Louis na kuipanua ikawa Le Pays lointain. Alifariki tarehe 30 Septemba 1995 akiwa na miaka 38. Mwaka 2008 Juste la fin du monde ikaingia kwenye orodha ya tamthilia za Comédie-Française, ukumbi wa taifa wa maigizo huko Paris.

Kwa hiyo futa ule mstari wa kwenye bango lenu unaosema Louis ana UKIMWI. Ugonjwa wa Louis hautajwi popote kwenye tamthilia. Mtunzi aliyekuwa anajua hasa anaumwa nini aliamua kutoutaja, nanyi mnautaja kwa herufi kubwa mlangoni.

La mwisho, kibali. Lagarce bado yuko chini ya hakimiliki hadi mwisho wa 2065. Kibali kinaombwa SACD, chama cha haki za watunzi wa tamthilia kilichoko Paris, hata kwa kundi la ridhaa na hata kama hakuna kiingilio. Taja ukumbi, mtaigiza mara ngapi, bei ya tiketi kama ipo, na orodha ya maonyesho mnayoyaondoa. Orodha ya maonyesho mazima ni rahisi kuieleza kwenye ombi. Ila kubadilisha sentensi ni suala jingine, kwa sheria ya Ufaransa haki ya mtunzi ya kuheshimiwa maandishi yake haiishi hata hakimiliki ikiisha. Ombeni sasa, majibu huchukua muda.

Ukishapima dakika weka hapa orodha ya maonyesho uliyobakiza, na picha ya ukurasa wa kwanza wa nakala yenu nione mikato ya mistari. Nitaipitia leoleo.