Matairi yalikwenda kwa aliyeshika nafasi ya sita

Nimeshika spana kwenye motokrosi, mbio za pikipiki za uwanja wa udongo, kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu mnaosoma hapa. Muda mwingi nimekuwa Jamhuri Park, Nairobi, na mara chache Garuga, Uganda. Kuna Jumapili moja siisahau. Kijana wa daraja la cc 125 alishinda raundi zote mbili, tena kwa kuwaacha wenzake mbali mpaka akawa anageuza shingo kuwatafuta. Alipomaliza alivua helmeti, akaiegemeza pikipiki kwenye nguzo ya hema, akatoa simu. Mwenye duka la spea aliyempa matairi msimu mzima alikuwa amesimama hatua kumi hivi, chupa ya soda mkononi, akingoja kupiga naye picha. Alingoja mpaka soda ikaisha.

Siku hiyohiyo mkongwe mmoja, mtu wa rika la baba yake yule kijana, alimaliza wa sita katika mbio za wakubwa. Alikuja na pikipiki yake moja kwa moja hadi kwa mwenye duka, uso mzima vumbi isipokuwa pale miwani ilipokaa. Akainama, akamwonyesha tairi la nyuma. "Mzee, hebu tazama. Meno ya katikati yameanza kulika, ya pembeni bado mazima. Nimelitumia mbio tatu na linang'ata mpaka leo." Wakakaa pale kama robo saa wakilipapasa tairi kama watu wanaonunua mbuzi.

Msimu uliofuata matairi yalikwenda kwa wa sita.

Yule kijana alilalamika sana, na wengi walimwonea huruma. Mimi sikumwonea. Mwenye duka anauza matairi kwa watu wa boda boda na kwa wenye mashamba, na hakuna hata mmoja wao atakayekuja kumuuliza nani alishinda Jumapili. Wakija wanauliza kama tairi linadumu. Mkongwe alimpa jibu la kuwapa wateja wake. Kijana alimpa kikombe, na kikombe chenyewe alikwenda nacho nyumbani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujaandika barua ya kuomba udhamini, jiulize unayemwomba anauza nini na anamuuzia nani. Mtazame Ross Branch wa Botswana. Ni rubani wa ndege, na Dakar ya kwanza, yale mashindano marefu ya jangwani, aliiendesha 2019. Mwaka 2024 alimaliza wa pili Dakar, kisha akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa pikipiki, akiwa na timu ya Hero. Hero ni kampuni ya India iliyojijenga kwa pikipiki ndogo za kwendea kazini. Mtu kama huyo anapomaliza maelfu ya kilomita za mchanga na mawe kule Saudia, kampuni inapata la kumwambia mteja ambaye hajawahi kusikia neno Dakar.

Sasa hili la wakongwe. Kila msimu nasikia wimbo uleule: wazee wametuzibia nafasi, wang'oke watuachie. Upo ukweli ndani yake, na sitaki kuuficha. Mwaka 2021 Valentino Rossi, mkongwe wa Kitaliano wa MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki za lami duniani, alikuwa na miaka 42, akiendeshea timu iliyodhaminiwa na kampuni ya mafuta ya Petronas, na msimu mzima nafasi yake bora ilikuwa ya 8. Vijana waliokuwa Moto2, daraja la chini yake, walikuwa na haki ya kukitamani kiti kile. Lakini fuata hadithi mpaka mwisho wake. Miaka kadhaa kabla ya hapo Rossi alikuwa ameanzisha shule yake ya VR46, akiwafundisha vijana wa Kitaliano kwenye uwanja wake wa udongo huko kwao Tavullia. Novemba 2021, Valencia, katika mbio zake za mwisho, alimaliza wa 10. Aliyeshinda siku ile ni Francesco Bagnaia, mwanafunzi wake, ambaye baadaye alichukua ubingwa wa 2022 na 2023. Na aliyekuwa bingwa mwaka huohuo wa 2021 ni Fabio Quartararo, kijana aliyekaa kwenye kiti cha timu kuu ya Yamaha alichokiacha Rossi alipokwenda Petronas.

Si wakongwe wote wana moyo ule. Nimemfanyia kazi mmoja aliyekuwa akifunika shokomzoba kwa kitambaa ili mtu asione amezikaza kiasi gani. Hata huyo alinifundisha, kwa sababu mkono wa mtu haufunikiki. Nilikuwa namtazama anaingia kona akiwa amekaa wapi, anafunga breki kwenye tuta lipi, anabadili gea lini. Ukitaka kujifunza kwa mkongwe usimfuate na maswali akiwa anavaa kwenda kuanza. Mfuate jioni, wakati anaosha pikipiki, ushike brashi.

Mimi kazi ya kwanza niliyoaminiwa ilikuwa chujio la hewa, na nilikasirika kwa kuiona ya kitoto. Niliosha lile sponji, nikalikamua kwa kulisokota kama nguo, likapasuka kwenye gundi. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi hakunifokea. Alichukua jingine, akaliosha, akalibonyeza taratibu kati ya viganja viwili, akaliacha likauke kivulini. Kisha akalipaka mafuta yake mpaka rangi ikawa sawa kila upande, akapitisha grisi kwenye ukingo unaogusa boksi. Halafu akachovya kidole kwenye vumbi la chini, akakisugua kwenye kucha yangu. "Hili ndilo linalokula pistoni." Tangu siku hiyo, kijana akija kwangu kutaka kazi, naanza naye kwenye chujio. Sitafuti kujua anajua nini. Nataka kuona kama ana subira.

Turudi kwenye barua. Iwe ukurasa mmoja. Usianze na ndoto zako. Anza na jina lako, daraja unaloendesha, kalenda ya mbio za msimu, na unachokiomba. Na unachokiomba kisiwe fedha kwa mara ya kwanza. Omba kitu: mafuta ya injini, minyororo, lifti ya kubeba pikipiki mpaka uwanjani. Mtu hutoa bidhaa iliyo dukani kwake kirahisi kuliko anavyofungua pochi, na ukishaitumia vizuri una hoja ya kurudi. Baada ya kila mbio mtumie picha mbili na maneno machache, hata kama umeanguka. Hasa ukiwa umeanguka. Mdhamini anayepata habari zako kutoka kwa watu wengine amekwisha kukuacha, hajakuambia tu.

Stika nazo zina ufundi wake. Sehemu zinazoonekana kwenye picha ni kibao cha namba mbele, kifua cha jezi, na plastiki za ubavuni. Futa grisi kwa spiriti kwanza, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, bandika ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda nje. Kwenye tanki la plastiki petroli hupenyeza mvuke wake polepole, na stika isiyo na vitundu itatoa malengelenge wiki ileile. Nimewahi kuona jina la mdhamini limevimba kama andazi, na mwenyewe akiwa amekuja na mkewe kuliangalia.

Wadhamini huondoka. Hili msilichukulie kama usaliti. Tumbaku ilijaza jezi za mbio hizi kwa miongo, mpaka Ulaya ilipopiga marufuku matangazo yake 2005. Vinywaji vya kuongeza nguvu vikachukua nafasi. Petronas iliondoka mwishoni mwa 2021, na timu zake za madaraja ya chini, Moto2 na Moto3, zikafungwa. Suzuki ilitangaza kujitoa MotoGP katikati ya msimu wa 2022, miaka miwili tu baada ya Joan Mir kuipa ubingwa. Mwenzake, Alex Rins, alikuwa na kila sababu ya kuvunjika moyo. Alishinda Phillip Island, Australia, kisha akashinda Valencia, mbio za mwisho kabisa za timu ile. Alikuwa anaendesha pikipiki ya kampuni iliyokwisha kufunga virago, na wenye timu nyingine walikuwa wanatazama.

Kwetu huku hasara kubwa hutokana na ahadi za mdomo. Kampuni moja iliwahi kutuahidi msimu mzima, tukapeana mikono, tukapiga picha na bango. Tulipewa mbio mbili. Nilikuwa nimekwisha kukopa gari kwa jina langu, na deni nimelilipa mwaka na nusu. Andikianeni, hata kama ni karatasi ya daftari: nini kinatolewa, tarehe gani, na mwanariadha anadaiwa nini. Mwenye nia njema hachukii kuandika.

Wazazi, nanyi nina lenu. Mtoto mwenye kipaji hakimbizwi. Mwaka 2021 vijana watatu walifariki kwenye mbio za barabara za kimataifa, mmoja akiwa na miaka 14 na mwingine 15, na baada ya hapo umri wa kuingia Grand Prix, yaani mbio za ubingwa wa dunia, ukapandishwa kufikia miaka 18. Muda upo. Brad Binder wa Afrika Kusini alianza Grand Prix 2011 na ushindi wake wa kwanza aliupata 2016. Siku ile, Jerez, alianzia mwisho wa msururu kwa sababu ya kosa la timu kwenye kompyuta ya injini, akawapita wote. Mwaka huo akawa bingwa wa Moto3, na 2020 huko Brno akaipa kampuni ya pikipiki ya KTM ushindi wake wa kwanza wa MotoGP.

Fedha ya kwanza iende kwenye mwili wa mtoto: helmeti, kinga ya shingo, buti, kinga za magoti. Pikipiki inaweza kuwa ya mitumba. Injini ikifa tutaifungua. Buti za mitumba sawa, kama bakali zinafunga. Helmeti nunueni mpya, na ikishapata kishindo kikubwa isirithiwe na mdogo wake wala isiuzwe, hata kama nje haina mkwaruzo. Kata mkanda wake kwa kisu kabla ya kuitupa, maana pipa la takataka pale uwanjani lina wateja wake.