Tofauti ya jeni peke yake si ushahidi wa uteuzi asilia

Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya DNA kutoka makaburi ya kale ya Waswahili, yakiwemo ya Manda na Faza hapa Lamu. Maswali yaliyonifikia yanazunguka jambo moja: jeni zikitofautiana kati ya watu wa huku na wa kule, je, ni uteuzi asilia, yaani aina fulani ya jeni kuenea kwa sababu inawasaidia walio nayo kuishi na kuzaa?

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. FST ni nini, na inapimwaje? (Mwanafunzi, Lamu mjini)

Marahaba mwanangu. Ni kipimo cha jinsi jamii zinavyotofautiana kijeni, alichokiasisi mwanasayansi Sewall Wright wa Marekani, nacho huwa kati ya 0 (hakuna tofauti) na 1 (tofauti kabisa). Chukua jeni yenye aina mbili, A na B. Ukiokota nakala mbili bila kuchagua, kuna uwezekano gani zitofautiane? Pima hilo ndani ya kila jamii utafute wastani, kisha pima tena jamii zikiwa zimechanganywa. Toa ule wastani kwenye kipimo cha mchanganyiko, kisha gawanya kwa kipimo hicho cha mchanganyiko.

Tufanye A ni asilimia 90 kwa jamii moja na 10 kwa nyingine. Ndani ya kila moja utapata 0.18, kwa mchanganyiko, 0.5. Tofauti ni 0.32, gawanya kwa 0.5 upate 0.64. Hiyo ni kubwa sana. Kama ingekuwa 50 na 40, ungepata karibu 0.01 tu. Shika kalamu ujaribu.

Sisi wa Siyu tumeoana wenyewe kwa wenyewe tangu enzi za mababu. FST ikiwa kubwa kati yetu na watu wa bara, si ndio uteuzi wenyewe? (Msomaji, Siyu)

La, ndugu yangu, na hapa ndipo wengi huteleza. Katika jamii ndogo nasibu, yaani bahati tu, ina nguvu. Mzazi humpa mtoto nusu tu ya jeni zake. Wachache wakijaliwa watoto wengi, aina moja huenea na nyingine hupotea, bila yoyote kuwa na faida. Uhamaji nao una sehemu yake. Ule utafiti wa makaburi ulionyesha kuwa tangu mwaka 1000 hivi asili ya Kiafrika, zaidi kwa upande wa wanawake, ilichanganyika na ya Asia, hasa Uajemi, zaidi kwa upande wa wanaume.

Nasibu, ndoa na uhamaji huigusa jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu. Uteuzi hugusa mahali maalumu. Maji yakijaa bandarini majahazi yote huinuka. Lililo juu kupita mengine ndilo la kuulizia. Kwa hiyo FST hupimwa katika maelfu ya sehemu za jenomu, kisha hutafutwa zile zilizopita kiasi. Wanasayansi Lewontin na Krakauer walipendekeza njia ya namna hii mwaka 1973.

Hata hivyo, katika sehemu nyingi kiasi hicho baadhi zitapita kiasi kwa bahati tu. Mimi siridhiki mpaka nijue jeni yenyewe inafanya kazi gani. Mfano mzuri ni jeni ya Duffy. Aina inayoondoa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu za damu imeenea karibu kwa watu wote wa Afrika Magharibi na ya Kati, na ni nadra Ulaya. Alama hiyo ndiyo njia kuu ya kimelea cha malaria kiitwacho vivax kuingia kwenye chembe. Hapo namba na kazi ya jeni vinakubaliana.

Mwanangu ana selimundu. Niliambiwa imezidi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Ni uteuzi huo? (Mama, Malindi)

Pole sana mama, Mungu ampe afya. Ndiyo, ni uteuzi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliuona mgawanyo huo na mwaka 1954 akauhusisha na malaria. Mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hukingwa. Tafiti za Kilifi zimekadiria kinga dhidi ya malaria kali kuwa karibu asilimia 90. Mwenye nakala mbili huugua selimundu. Kwa sababu hiyo jeni hii haiwezi kupanda bila kikomo.

Tazama inavyoifanyia FST: tufanye iko asilimia 10 pwani na 0 milimani. Jibu ni kama 0.05 tu. Uteuzi mkali namna hii, na kipimo kinaweza kuupita bila kuuona! FST ndogo haithibitishi kwamba uteuzi haukuwepo.

Kipimo hiki kinaweza kuniambia mimi ni Mwarabu au Mbajuni? (Kijana, Shela)

Hapana. Kinapima makundi, si mtu mmoja. Na Lewontin alionyesha mwaka 1972 kuwa takribani asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja.

Na mbu je? (Mhudumu wa afya, Mokowe)

Kwa mbu kinafaa sana, na natamani kitumike zaidi huko. Dawa za pairethroidi kwenye vyandarua hushambulia mfereji wa sodiamu katika neva za mbu. Ukilinganisha mbu wa sehemu zilizotumia dawa muda mrefu na zile zisizotumia, au mbu wa mahali pamoja waliohifadhiwa kabla na baada ya miaka kadhaa, FST ikiruka kuizunguka jeni ya mfereji huo huku kwingine ikibaki chini, una sababu nzuri ya kushuku usugu. Kisha wapimeni mbu hai kwa dawa yenyewe kabla ya kuagiza vyandarua vingine.