Sio lazima data zikae kapu moja
Mkuu umeuliza kwa nini serikali isirundike data zetu zote sehemu moja, hospitali, polisi na watu wa kodi TRA wasome humohumo. Hapana aisee, hapo akiingia mwizi mmoja tu kabeba kila kitu. Cheki Estonia, tangu 2001 wana mfumo unaitwa X-Road, kila taasisi inabaki na data zake, ikitaka za mwenzake inaomba na ombi linarekodiwa, halafu mwananchi anaingia mtandaoni anaona nani kachungulia taarifa zake, mimi hapo ndo naanza kuwaamini. Kenya na Huduma Namba, ule mpango wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, walikusanya data za watu kwanza, sheria ya kuzilinda ikaja Novemba 2019, Januari 2020 mahakama ikawaambia wasiendelee mpaka waweke utaratibu unaoeleweka, na mambo ya kukusanya DNA za watu waachane nayo.