Kabla hujamwita dereva wako mwizi wa mafuta, tazama mshale wa spidi

Juzi dada mmoja wa Magu kaniandikia ujumbe mrefu. Ana Probox, kampa kijana alete hesabu kila jioni, na sasa anataka kumfukuza. Sababu ni kwamba mjomba wake akiendesha gari hilo kwenda Musoma na kurudi, mafuta yanatosha na chenji inabaki. Akiendesha kijana, barabara ileile, gari linakunywa. "Kaka, si anachota huyu?"

Nilimjibu kwa ufupi, lakini moyo haukutulia. Neno hilo la kuchota mafuta nimewahi kubandikwa mimi, mchana kweupe, mbele ya wapagazi na mama lishe wa Mwaloni, Kirumba. Na kwa kuwa wengi mnaonisoma ama mna gari la biashara ama mnajaza kibubu mpate la kwanza, leo nalisema lote.

Nilikuwa dereva wa Noah ya tajiri mmoja. Kazi ilikuwa kupeleka dagaa na wenye dagaa wao Geita. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo kila safari ilikuwa mbio za kuwahi kivuko. Tajiri mwenyewe alikuwa ananipigia: "Umefika Usagara? Kanyaga!" Nakanyaga. Baadaye akaona ndani hapatoshi, akachomelea keria ya vyuma vinene juu. Magunia yakapanda huko, yakafunikwa turubai ambalo kona yake moja haikukaza hata siku moja. Njia nzima linapiga pa-pa-pa juu ya kichwa changu.

Matumizi ya mafuta yakapanda. Mimi nikamwambia, "Mzee, hii keria inakula." Akacheka. Jioni moja nashusha mzigo, akaja na fundi wake. Wakainua siti ya nyuma, wakatoa dumu langu la bluu la maji ya rejeta. Tajiri akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena, kama vile maji yangegeuka petroli kwa kung'ang'aniwa. Hakupata kitu, lakini akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwizi mjanja hafichi kwenye dumu." Kesho yake funguo zikawa kwa mtu mwingine. Aliyenipokea naye hakumaliza msimu, tuhuma ileile.

Sikusoma fizikia ya juu, ila hasira ilinifundisha kutafuta. Na nilichokikuta kingeokoa ajira yangu na pesa ya tajiri.

Gari likiwa kwenye mwendo linasukuma hewa iliyo mbele yake. Ingia ziwani mpaka kiunoni halafu jaribu kukimbia: ukitembea polepole maji yanakupisha, ukitaka kukimbia yanakuwa ukuta. Hewa nayo ni hivyohivyo, na tatizo ni kwamba ukinzani wake haupandi sawa na mwendo, unapanda kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo mara mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, mwendo umeongeza robo tu, lakini ukinzani wa hewa umeongezeka kwa asilimia 56. Ukifika 120 umekuwa mara mbili na robo ya ule wa 80. Na injini inayohangaika na hewa hiyo kwenye 120 inatoa nguvu zaidi ya mara tatu ya ile iliyohitajika kwenye 80, maana inasukuma ukinzani mkubwa zaidi, tena kwa haraka zaidi. Hizo nguvu zinatoka wapi kama si kwenye tanki?

Sisemi bili yote itapanda kwa asilimia 56. Sehemu ya mafuta inaishia kwenye matairi yanavyokandamiza lami, na hiyo haibadiliki sana kwa spidi. Lakini kwenye barabara kuu, kadiri unavyovuka 80 ndivyo hewa inavyogeuka mlaji mkuu.

Jambo la pili ni umbo. Noah ina uso mpana na mgongo wa sanduku. Ukiipandishia keria yenye magunia, umeongeza upana wa kile kinachopigwa na hewa, na umeiharibia njia ya kupita juu ya paa. Turubai linalopigapiga ni mafuta yanayopeperuka. Hata keria tupu inakula, na nyingi mnazoziona mjini zinazunguka hazina mzigo wowote juu, urembo tu.

Kuna na upepo wenyewe. Mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu. Ukikutana nao uso kwa uso ukiwa kwenye 80, nao unavuma kilomita 20 kwa saa, hewa inalipiga gari lako kama vile uko 100. Dereva anaenda mwendo wa adabu kabisa, mafuta yanapungua, na tajiri nyumbani anahesabu vidole.

Kwa haki, sisi wa Kanda ya Ziwa tuna nafuu kidogo. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndugu zangu wa pwani wanisamehe. Ila nafuu hiyo unaimaliza yote kwa kutoka 80 kwenda 86 tu, kwa hiyo tusijisifu sana.

Sasa wewe mwenye gari. Jumatano ya kwanza ya mwezi unakaa macho kusubiri EWURA, wadhibiti wa nishati, watangaze bei ya mafuta, shilingi thelathini ikipanda unalalamika mpaka kanisani. Halafu unampigia dereva: "Wahi!" Unawahi nini? Kilomita mia moja kwa mwendo wa 100 ni saa moja. Kwa 80 ni saa moja na robo. Dakika kumi na tano, na hizo ni za kwenye karatasi. Barabara zetu zina matuta na vibao vya 50 kila penye makazi, na trafiki wenye tochi za kupimia spidi. Ukifika tuta la Kisesa ukiwa na 100, unakanyaga breki na kutupa mwendo wote ulioulipia, kisha unauanza upya. Ukiachia mafuta mapema, gari likiwa bado kwenye gia, injini za siku hizi zinakata mafuta zenyewe. Msiweke frii, yaani kutoa gia, mteremkoni, hamuokoi kitu na breki mnazichosha. Na kujibanza nyuma ya roli ili likukate upepo, ndiyo, hewa inapungua, lakini roli likifunga breki utaokolewa na nani?

Dada wa Magu, huenda kijana wako anachota kweli, mimi simjui. Mpime kwanza. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, aende Musoma asizidi 80, akirudi jazeni pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Safari nyingine aende anavyozoea. Upepo wa matairi uwe uleule, namba zake zimebandikwa mlangoni upande wa dereva. Na muulize mjomba anakimbia ngapi. Nina hakika mzee hajawahi kuvuka 80 maishani.

Mimi leo nina Probox yangu na ya pili nimempa kijana wa Igoma. Keria zote mbili nilizitoa siku nilipoyanunua magari. Makubaliano yetu ni mwisho 80, na mafuta yanayobaki kwenye kiwango tunagawana nusu kwa nusu. Mwanzoni alinuna, eti abiria wanamwita mtembeza watalii. Nikamwambia anayetaka kupaa apewe namba yangu nimwelekeze uwanja wa ndege, uko hapohapo Ilemela.