Msingi wa mtu mwingine kwenye kiwanja changu

SWALI: Wakili habari za kazi. Mwaka 2016 nilinunua kiwanja Chanika kwa mzee mmoja, tukaandikishana serikali ya mtaa, mjumbe akasaini na majirani wawili. Sikujenga, nilipanda michungwa tu nikawa naenda kufyeka mara mojamoja. Mwezi uliopita nafika nakuta michungwa imeng'olewa, msingi ushapanda, fundi ananiuliza eti mama unamtafuta nani! Kumbe mzee kafariki na mwanae kauza upya. Polisi wanasema hiyo ni madai niende baraza. Shemeji yangu anataka tutafute vijana tukabomoe usiku. Nifanyeje?
Mama wa Gongo la Mboto

JIBU: Pole sana mama, ila huyo shemeji mtulize kwanza. Mkibomoa, mvamizi ndo anageuka mlalamikaji na nyie mnakamatwa kwa kuharibu mali, haki yako ya kiwanja haitawatoa lokapu usiku huo. Na polisi hawajakosea sana, pakiwa na ubishi wa nani mwenye eneo kesi ya jinai sio mahali pa kuamua umiliki.

Anzia Baraza la Kata. Tangu sheria ibadilishwe 2021 halihukumu tena, linasuluhisha tu ndani ya siku 30, likishindwa unapewa uthibitisho kwamba usuluhishi umegoma, unaenda nao Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka hapo shauri linatupwa. Wilayani wanasikiliza mali ya mpaka shilingi milioni 300, kiwanja chako sidhani kama kinafika huko.

Sasa hapa ndo wengi wanaumia. Kiwanja hakijapimwa, hakina namba, halafu mtu anaandika kwenye maombi "kiwanja kilichopo Chanika" basi kamaliza, Chanika yote hiyo! Andika mtaa, urefu na upana, kaskazini unapakana na nani, kusini nani, mashariki, magharibi, maana hata ukishinda bila hayo dalali wa baraza, yule anayetekeleza hukumu, hajui abomoe wapi, na kwenye rufaa hukumu inaweza kufutwa mkaanza moja. Baraza linaweza pia kuja kuona eneo lenyewe, kwa hiyo wale majirani waliosaini 2016 watafute leo, kabla hawajahama au kufikiwa na upande wa pili. Na vile visiki vya michungwa vipige picha vyote kabla havijafukiwa.

Usimshtaki huyo mnunuzi anayejenga peke yake, muunganishe na huyo mtoto aliyemuuzia. Swali la kwanza kwake: wewe ni msimamizi wa mirathi? Kama hakuteuliwa na mahakama hakuwa na mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, na hata kama aliteuliwa, kiwanja ambacho baba yake alishakuuzia akiwa hai hakimo kwenye mirathi.

Karatasi yako ya mauziano ilipiwe ushuru wa stempu TRA, isipolipiwa utawekewa pingamizi isipokelewe kama ushahidi (ukichelewa unalipa na faini, lakini inapona).

Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, huo unao. Usichokuwa nacho ni muda wa kumsubiri jamaa aezeke, kwa hiyo siku unayofungua shauri wilayani ambatanisha maombi ya zuio la muda, kwa hati ya dharura (yaani yasikilizwe haraka), ujenzi usimame mpaka kesi iishe.