Je, «Malaika» unafaa kupigwa harusini?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Tunatarajia kufunga ndoa hapa Mafinga, na mchumba wangu anataka upigwe wimbo wa «Malaika», ilhali wazee wanasema ni wimbo wa huzuni. Je, unafaa?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba. Wazee wana hoja, kwani katika wimbo huo, uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya na kuenezwa duniani na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, kijana anashindwa kumwoa ampendaye kwa kukosa mali. Hata hivyo, naamini mahaba yake yamo humo humo: hajigambi wala haahidi makubwa, bali anakiri ufukara wake mbele ya mpenzi, huku jina analomwita likirudiwa taratibu kiasi kwamba kila msikilizaji hupata nafasi ya kumkumbuka wake. Katika nyanda zetu hizi, ambako vijana wengi huahirisha ndoa wakisubiri mavuno ili mahari itimie, maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa. Upigeni, ila si maharusi wanapoingia, kwa kuwa hapo watu hutaka kucheza. Uwekeni wakati wa chakula, na mshereheshaji aombwe kunyamaza hadi uishe.