Kupiga besiboli kunaanzia machoni

Vijana wengi wanaokuja kwangu kujifunza besiboli wanataka kitu kimoja tu: mpira uvuke uzio. Wanalikamata gongo kwa nguvu zote, wanauma meno, wanapiga chochote kinachorushwa. Kila msimu nawaambia jambo lilelile, na hapa nalirudia kwa yeyote anayecheza au kufundisha: jifunze kwanza kuuona mpira, na kuuacha usiokufaa. Mikono itafuata.

Tazama hesabu yenyewe. Kutoka kwa mrushaji hadi beisi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 145 kwa saa, ambao ni wa kawaida ligi kuu ya Marekani, hufika kwa sekunde 0.4 hivi, na kulizungusha gongo peke yake hula kama sekunde 0.15. Warushaji wa shule zetu za Dar es Salaam hawana kasi hiyo, lakini na wapigaji wetu nao ndio kwanza wanaanza, kwa hiyo ugumu uko palepale. Mpira ukishaachiwa, muda wa kujiuliza maswali haupo. Macho yanatakiwa yawe yameshafika. Mrushaji anapojiandaa, tazama kofia yake kwa utulivu. Anapoinua mkono, hamishia macho pale juu ya bega mpira utakapotokea, uyatangulize. Anayemtazama mrushaji mwili mzima huuona mpira ukiwa umeshakula nusu ya njia.

Halafu kuna kuchagua, na hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi wangu. Eneo la straiki, yaani pale ambapo mpira ukipita unahesabiwa dhidi yako hata usipoupiga, lina mipaka: upana wa beisi ya nyumbani, kama sentimita 43, na kimo cha kutoka chini kidogo ya goti hadi kifuani. Mipira minne ikipita nje ya hapo bila wewe kuipiga, unatembea bure hadi beisi ya kwanza. Vijana waliotoka kwenye soka hawapendi habari hii, wanaona kusimama bila kupiga ni uoga. Mimi huwapa mfano wa Ted Williams, mpigaji wa timu ya Boston ya Marekani. Mwaka 1941 alipata wastani wa .406, yaani mipigo 185 iliyomfikisha beisi salama katika majaribio 456, na tangu hapo hakuna aliyefika .400 kwa msimu mzima katika zile ligi mbili zinazounda ligi kuu, Ligi ya Marekani na Ligi ya Taifa. Kinachonivutia zaidi ni hiki: mwaka huohuo alitembea mara 147, akatolewa kwa straiki tatu mara 27 tu. Aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye aliyejua kusubiri.

Kwa hiyo kwenye mazoezi yangu kuna zamu ambazo mpigaji haruhusiwi kupiga. Anasimama na gongo begani, mrushaji anarusha kweli, naye anataja kwa sauti, "straiki" au "nje", mpira ukiwa bado hewani. Linaonekana zoezi la kitoto. Lifanye wiki chache uone unavyoanza kuiacha ile mipira ya chini inayokutamanisha.

Vifaa visikukwamishe. Watoto wa Jamhuri ya Dominika, nchi iliyoipa ligi kuu wapigaji wengi mno, hucheza mtaani kwa mti wa ufagio na vifuniko vya plastiki vya madumu makubwa ya maji. Kifuniko kinayumba hewani na mti ni mwembamba. Ukikigonga hicho, mpira wa gramu 145 utauona mkubwa. Madumu hayo tunayo kila ofisi na kila duka, mti wa ufagio ndiyo usiseme. Vaeni tu miwani ya kukinga macho, na asisimame mtu karibu.

Kuhusu mwili nitasema machache. Shika gongo kwa vidole, si kwa kiganja, na vile vifundo vya vidole unavyobishia hodi vya mikono yote miwili vikae kwenye mstari mmoja. Hapo viganja vitalegea vyenyewe. Nguvu inatoka ardhini: hatua fupi ya mguu wa mbele, nyonga inageuka, mikono inakuja mwisho. Mikono ikitangulia, utapiga mipira dhaifu inayobingirika hata uwe na kifua cha mbeba magunia. Mjapani Ichiro Suzuki alikuwa mwembamba, na mwaka 2004 akiwa na timu ya Seattle kwenye ligi kuu ya Marekani alipiga mipigo 262, rekodi ya msimu mmoja hadi leo. Naye akiwa mwanafunzi alicheza Koshien, uwanja wa Japani uliofunguliwa 1924, ambao mashindano yetu ya shule Tanzania yamechukua jina lake.

Siku ya mechi yaache haya yote ya nyonga na vifundo. Yana siku zake za mazoezi. Kabla ya zamu yako, simama pembeni umsome mrushaji: anaanza na mpira gani, akichoka anautupa wapi. Ingia ukiwa umeamua sehemu moja unayotaka mpira uje, na mpaka upate straiki mbili usipige kingine. Ukishagonga, lidondoshe gongo, usilirushe, maana mdakaji na mwamuzi wako nyuma yako. Kimbia mpaka uivuke beisi ya kwanza hata kama unaona umeshatolewa. Viwanja vyetu vina mashimo, na mpira hudunda upande ambao hakuna aliyeutegemea.